Mgongo Ukutani

Uani wa nyumba ya bibi yangu, pale Kariakoo, ulikuwa na upana wa mita 8 na kina cha mita 5. Niliupima mwenyewe kwa futi kamba ya kuazima. Naanza na vipimo, ndugu msomaji, maana ndivyo vilivyoamua nitafute lenzi gani, nisimame wapi, na mwishowe nimwambie nani jambo nililokatazwa kulisema. Wenzangu katika kurasa hizi huanza na mapenzi. Mimi leo niacheni nianze na hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu, hata kwa sisi tulioishia kidato cha nne na cheti cha kufichwa chini ya godoro. Picha moja ya mkanda wa kawaida, ule wa milimita 35, ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ukitaka kujua urudi nyuma kiasi gani ili kitu kiingie chote, chukua upana wa hicho kitu, zidisha kwa namba ya lenzi, gawanya kwa 36. Uani wa mita 8 kwa lenzi ya milimita 50, ile inayokuja na kamera nyingi za zamani, unataka mita 11. Yaani nitoboe ukuta wa jirani, nipite chumbani kwake, nitokee sebuleni nikiwa bado narudi nyuma. Kwa lenzi ya 28 ni mita 6 na ushee. Kwa 24 ni mita 5 na sentimita 30 hivi. Tumekaribia, lakini mgongo wangu nao una unene, na kamera haikai ndani ya tofali. Kwa 20 ni mita 4 na nusu. Hapo sasa mtu anaegemea ukuta, anabana pumzi, anapiga.

Nyumba ilikuwa ya Kiswahili kamili: kibaraza mbele, korido katikati, vyumba sita vikitazamana vitatu kwa vitatu, na nyuma ndio uani, wenye jiko, choo, bomba na vyumba viwili vya nyongeza. Kariakoo ya zamani ilijaa nyumba za namna hiyo. Jina lenyewe la mtaa limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliokaa hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Siku hizi ukipita nyuma ya Msimbazi unatembea chini ya maghorofa, na nyumba ya chini ukiiona unashtuka kama umemwona mtu uliyedhani kesha kufa.

Babu alipofariki mirathi ikagawanywa, na wajomba wakakubaliana kuuza. Mnunuzi hakuitaka nyumba, alikitaka kiwanja. Bibi akatafutiwa nyumba Chanika. Hakupinga. Alisema tu kwamba Chanika kuna upepo mzuri, kwa ile sauti ya mtu anayesifu uji wa hospitali.

Mimi nikafungua albamu. Picha za miaka arobaini, na katika zote uani haumo. Watu wamepigwa kibarazani au studio, wamechomekea, wamepaka mafuta, nyuma yao pazia la maua. Uani, ambako ndiko walikokuwa wanaishi, walikopikia na kugombana na kuogeshea maiti, hakuna aliyeupiga hata mara moja. Na hata angetaka, kwa lenzi ya 50 angepata bomba bila jiko, au jiko bila mtu.

Najua kuna msomaji keshauliza: kwani wewe simu huna? Ninayo. Na simu za siku hizi zina jicho pana. Mwaka 2019 iPhone 11 ilitoka na lenzi inayoona digrii 120, na sasa hata simu za bei ya kawaida nyingi zinalo jicho hilo. Mshikaji wangu mmoja alinipa yake nijaribu. Uani uliingia wote na nafasi ikabaki. Kwa hiyo sitamdanganya mtu hapa kwamba mkanda una roho na simu haina. Hayo ni maneno ya wenye hela. Sababu yangu ni bati la biskuti. Ndani ya bati hilo, chini ya kitanda cha bibi, mlikuwa na negativu za miaka ya sabini, nyingine zimegandana, nyingine zimeliwa na ukungu, lakini ukiinyanyua moja ukaielekeza dirishani unamwona babu na bugaluu yake. Picha za harusi ya dada yangu, zilizopigwa kwa simu mwaka 2017, ziliondoka pamoja na simu yenyewe ndani ya daladala ya Mbagala. Basi. Nilitaka kitu cha kutia kwenye bati.

Kamera ninayo, ya mjomba wangu mdogo. Ni Nikon FM, aina iliyotoka mwaka 1977, nzito kama pasi ya mkaa. Betri yake ni ya kupimia mwanga tu. Ikifa, kamera inaendelea kupiga. Mjomba aliishi kwayo miaka mingi, harusi na pasipoti saizi, hadi kamera za dijitali zilipomwondoa barabarani. Mkanda ndio tabu. Mimi nafanya kazi steshenari, napiga chapa barua za watu za kuomba kazi, na mkanda mmoja wa Ilford HP5 ukibahatika kuupata hapa mjini unakula ujira wangu wa siku nne. Nilikuwa nayo miwili, aliyoniletea dada yake mshikaji alipotoka Dubai. Mmoja wa majaribio, mmoja wa uani.

Lenzi nikaazima kwa jamaa anayepiga harusi, ambaye droo yake imejaa vyuma vya kale asivyovitumia. Akanipa tatu: 28, 24 na 20, wiki mbili, na onyo kuhusu mchanga.

Mkanda wa majaribio una picha 36, lenzi tatu, kila moja picha 12. Nikapanga hivi: kila lenzi niipige tundu likiwa wazi kabisa, kisha 5.6, kisha 8, kisha 11. Na kwa kila tundu, ukuta mtupu, mtu katikati, mtu pembeni. Ukuta ulikuwa wa ghala moja mtaa wa pili, tofali za saruji zisizopigwa lipu. Tofali ni nzuri kwa kazi hii, maana mistari yake imenyooka na haichoki kusubiri. Mlinzi wa ghala aliniuliza napiga picha gani. Nikamwambia tofali. Akaenda kumwita mwenzake aje aone.

Mkanda huo niliusafisha kwa kahawa. Si utani. Mwaka 1995 mwalimu mmoja na wanafunzi wake katika chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, mji uleule wa Kodak, waligundua kwamba kahawa ya unga ikichanganywa na soda ya kufulia, ile jamii ya magadi, inafanya kazi ya dawa ya kusafishia picha. Baadaye watu wakaongeza vitamini C ikawa kali zaidi. Nikatumia kahawa ya Bukoba. Chumba kilinuka mbwa aliyenyeshewa na negativu zilitoka na ukungu wa chai, lakini kwa kusoma majibu zilitosha.

Ile 28 ni mtoto mtiifu. Mistari imenyooka, pembe nne za picha zina mwanga karibu sawa na katikati, na mtu ukimweka pembeni anabaki mtu. Kwa kupita mtaani ningeichukua hiyo na nisiangalie nyuma. 24 sikuitilia maanani sana. Ni nzuri, ila kwangu ilishakosa kwa sentimita thelathini. 20 ndiyo yenye vituko. Tundu likiwa wazi kabisa, pembe zinaingia giza kama uso wa mtu aliyevaa pama. Ukifunga hadi 5.6 giza linapungua, ukifika 8 huwezi kuliona kama hukuambiwa. Tofali za ukingoni zinapinda kidogo. Na mshikaji niliyemsimamisha pembeni, kijana mwembamba kama fimbo, alitoka na kichwa cha papai lililolazwa na bega moja limevutwa kuelekea Buguruni. Alipoiona akataka niifute. Mkanda haufutiki.

Watu hudhani huo ni ubovu wa lenzi. Wala. Mwanga unaoelekea katikati ya mkanda unapiga wima, unaoelekea ukingoni unapiga mshazari, na mkanda umelala bapa. Ni kama kivuli chako: saa sita mchana ni kifupi, alfajiri kinafika kwa jirani, na wewe ni yuleyule. Lenzi ya 50 inaona digrii 47 hivi, ndiyo maana mshazari wake hauonekani. Ya 20 inaona digrii 94 kutoka pembe hadi pembe. Zaidi ya pembe mraba! Anayesimama kingoni lazima alipe.

Mimi nikianza kitu sikiachi, basi nikasoma hizi lenzi zinavyotengenezwa. Kwenye kamera ya Nikon, kutoka mdomo wa lenzi hadi mkanda ni milimita 46.5, na hapo katikati kuna kioo kinachoruka kila unapobonyeza. Lenzi ya milimita 20 iliyoundwa kikawaida ingetaka kukaa milimita 20 kutoka kwenye mkanda, yaani ingegongana na kioo. Mfaransa Pierre Angénieux mwaka 1950 alitoa lenzi pana ya kamera ya namna hiyo iliyojengwa kama darubini iliyogeuzwa nyuma mbele, vioo vya mbele vikitawanya mwanga na vya nyuma vikiukusanya, na kwa ujanja huo lenzi inakaa mbali bila kupoteza upana wake. Kabla yake, mwaka 1900, Wajerumani wa kampuni ya Goerz walikuwa na Hypergon, lenzi ndogo mfano wa gololi iliyoona kupita digrii 130. Pembe zake zilikuwa na giza kiasi kwamba waliiwekea mbele kipanga kidogo chenye umbo la nyota, kikizungushwa kwa kupulizwa upepo wa mpira wa mkononi, ili kikinge katikati na kuzipa pembe muda wa kula mwanga. Hebu fikiria mpiga picha wa zamani hizo, kamera juu ya stendi, anapuliza nyota. Siku nikiandika hadithi ya Mjerumani nitamtumia.

Jambo moja lilibaki ambalo ukuta wa ghala haungeweza kunionyesha, nalo nililipata kwa mjomba. Nilimwambia nimepata 20. Akacheka, akasema, “Lenzi ndefu ni ya mdokozi. Pana ni ya mgeni, na mgeni hupiga hodi.” Nilielewa baadaye. Kwa lenzi pana kilicho karibu kinakuwa kikubwa, kilicho mbali kinakimbia. Bibi yangu si mrefu, mita moja na nusu na kidogo. Akisimama ukuta wa pili, mita nne na nusu kutoka kwangu, kwenye mkanda angekuwa na milimita 7 kati ya 24. Mdogo kuliko ndoo iliyo mbele. Ili awe bibi ilibidi aje karibu nami, karibu ya kusikiana pumzi. Na waliobaki wote uani wangeniona, maana mimi pia ningewaona wote.

Uani wenyewe, kumbuka, si mahali pa kijana wa kiume kujiingilia na kamera. Kuna akina mama wamejifunga kanga wanafua, kuna mtu anatoka kuoga. Kwa lenzi ndefu ningejibanza koridoni. Kwa hii nilitakiwa kuingia, kusalimia, kueleza, na kukaa mbele ya kila mtu mgongo ukiwa ukutani.

Nikaenda Jumapili saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijavuka paa, maana jua la Dar likishaingia uani nusu inaungua na nusu inakuwa lami. Nikafunga tundu hadi 8, spidi 125, nikaweka fokasi mita 1.7, kwa lenzi ya 20 hiyo ina maana kila kitu kuanzia sentimita 85 hadi mwisho wa dunia kinaonekana sawasawa. Juu ya kamera nikaweka pima maji ndogo ya fundi mwashi, kwa sababu lenzi hii ukiiinamisha hata kidogo kuta zinaangukiana kama walevi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Unapiga nini?”

Huyo ni mpangaji wa chumba cha uani, tunamwita mama mapacha. Alikuwa anafua, povu hadi viwikoni.

“Uani, mama.”

“Uani wa nini?” Akasimamisha mikono. “Mnauza?”

Mjomba mkubwa alikuwa ametuweka sote kikao: wapangaji wasijue mpaka mnunuzi aje na karatasi zake, wasije wakagoma kulipa kodi ya miezi iliyobaki. Kila mtu aliitikia. Na ningekuwa na lenzi ya 50 ningejibu “picha tu za kumbukumbu, mama”, ningemwelekezea kamera bibi na bomba, yeye akabaki nje ya picha na nje ya habari. Kwa digrii 94 hapakuwa na nje. Beseni lake lilikuwa ndani, mlango wake ulikuwa ndani, watoto wake wawili waliokuwa wanapigana mswaki kwenye karo walikuwa ndani. Ningempigaje mtu katika picha ya kuaga bila yeye kujua kwamba anaaga?

Nikamwambia. Tumeuza, mama. Mwisho mwezi wa sita.

Hakupiga kelele. Alijifuta povu taratibu, kidole kimojakimoja. “Miaka 11,” akasema. “Ahsante kwa kuniambia. Ningesikia kwa mwenye nyundo.” Kisha akaingia ndani, na nikadhani ndiyo basi. Akatoka amebadili kanga.

Mjomba mkubwa hakusema nami mpaka Idi. Sikumwomba radhi, na hapa siombi.

Bibi alikuwa ameketi jikoni akifuatilia yote kwa masikio. “Mimi nisimame wapi, mume wangu?” Nikamweleza: ukisimama kule unakuwa mdogo, ukija pembeni unavutika, ukija mbele miguu itakuwa mikubwa kuliko kichwa. Akafikiri, akavuta mbuzi yake ya kukunia nazi, akaikalia mita moja na robo kutoka kwangu, miguu mbele. “Miguu hii ndiyo ilitembeza vitumbua mpaka kiwanja kikalipwa,” akasema. “Iache iwe mikubwa.” Mama mapacha akasimama mlangoni kwake, kushoto kabisa, watoto mmoja huku mmoja huku. Nikamwonya kwamba pale anaposimama atanenepa. Akasema huo ndio mlango wake, aende wapi tena?

Nikapiga picha 25 asubuhi ile. Siku mbili baadaye nikamaliza 11 zilizobaki kwenye kibaraza na koridoni, ambazo ni za kawaida, sina la kusema juu yake.

Mkanda huo sikuutia kahawa. Nilipata unga wa D-76 kwa mjomba mdogo, ambaye katika vita ile ya familia alijikausha kimya, lakini pakiti akaniachia mlangoni. Dawa hiyo inataka digrii 20, dakika 7 na nusu, na maji yetu ya bomba yanatoka na digrii 28 yakiwa yametulia. Nikanunua vifuko vya barafu kwa mama wa jirani, nikazungushia beseni, nikakaa na kipimajoto kama muuguzi. Negativu zilitoka safi. Nikazilaza juu ya kioo cha simu kilichowashwa mwanga mweupe, nikazinakili kwa simu nyingine. Simu nayo ikapata kazi yake. Studio moja ikanichapia.

Nilipompelekea mama mapacha nakala yake, jambo la kwanza alisema, “Mbona upande mmoja nimekuwa mama lishe?” Jambo la pili hakulisema, aliliwekea kidole. Kitundu cha kutazamia cha Nikon FM kinaonyesha asilimia 93 tu ya kinachoingia kwenye mkanda. Kingo zinazobaki unaziona picha ikishatoka. Kwenye ukingo wa kushoto kabisa, ambao sikuuona nilipokuwa napiga, mwimo wa mlango wake umeingia wote, na juu ya mwimo kuna mistari ya mkaa, miwilimiwili, inapanda. Vimo vya mapacha. Akaihesabu kwa ukucha: jozi sita. Akasema ya mwaka huu bado, akawaita watoto, akainama jikoni kuchukua kipande cha mkaa.

Tangu hapo sura ya uani katika riwaya yangu, ambayo iko kwenye kaunta buku la pili, nimeifuta nikaianza upya. Msimulizi nimemweka mgongo ukutani na simruhusu kutoka, hata akiulizwa swali gumu.

Nyumba ilivunjwa mwezi wa sita, siku moja na nusu tu. Mama mapacha amehamia Gongo la Mboto. Bibi yuko Chanika, na bati la biskuti liko chini ya kitanda kilekile. Lenzi niliirudisha nimeipangusa, na jamaa akaniuliza ni nzuri au aiuze. Nikamwambia pembe zake zina giza kidogo, ila ukifunga hadi 8 haina neno.